Jeki Tatu za Duka la Jetha

Mvua za mwaka ule wa hamsini na moja zilikuwa zimeugeuza mji wa Eldoret, ambao wenyeji walizoea kuuita Sisibo, kuwa sufuria la uji mweusi. Gari likipita, watu walirukia ukutani. Palikuwa na mahali pamoja tu kando ya barabara ya stesheni ambapo mtu angekaa na miguu yake ikakauka: benchi la Tryphosa, chini ya mabati ya duka la vyuma la Muhindi mmoja aliyeitwa Jetha. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mnene wa mtarakwa uliolazwa juu ya vigogo viwili. Tryphosa, mjane kutoka Maragoli, aliuza hapo kahawa ya tangawizi, na alasiri walikuja watu wale wale. Nicholas, karani wa ghala la reli, walimwita Telegramu kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kusema jambo kwa ufupi. Kiprotich walimwita Bama, maana alipelekwa Burma, nchi waliyoiita Bama, kupigana vita vya Wazungu, akarudi na koti la askari na majibu ya kila swali. Na Wamalwa, dereva wa pikap kubwa ya Kaburu mmoja mwenye mashamba mawili, walimwita Breki, kwa sababu hata akipanda mlima mguu wake haukuwa mbali na breki. Siku hiyo Breki alishika kikombe mpaka kahawa ikapoa, bila kuionja.

— Breki, hiyo kahawa unakunywa ama unaipigia saluti? Tryphosa akamuuliza.

— Nitakunywa, mama.

— Umesema hivyo tangu nikoroge hii birika.

Wamalwa alitazama pikap iliyosimama mbele yao. Nyuma ilikuwa imejaa nguzo za ua na mizingo ya waya, mpaka springi zimenyooka kama mijusi iliyokanyagwa. Tairi mbili za nyuma zilikuwa vipara.

— Bwana anataka huu mzigo ufike shamba la Ainabkoi kesho, akasema. Asubuhi ameniambia, nenda kwa Jetha uchague jeki mwenyewe. Ikikuvunjikia njiani, usije kwangu kulia.

— Sasa shida iko wapi? Bama akauliza. Jeki si jeki?

— Ile ya kwanza pia ilikuwa jeki.

Kila mtu kwenye benchi alijua habari ya Kipyego. Alikuwa taniboi wa Wamalwa, yaani msaidizi wake wa gari, mtu mzima mwenye mke na watoto, na wiki iliyopita tairi lilikuwa limepasuka kwenye barabara ya Turbo. Kipyego aliingia chini ya gari kuiweka jeki kwenye ekseli. Wamalwa alikuwa nyuma akifungua tairi la akiba. Akasikia sauti kama ya kuni mbichi ikivunjwa gotini. Alipogeuka, pikap ilikuwa imelala upande, na Kipyego alikuwa anaita jina la mama yake. Watu waliokuwa wakipalilia mahindi karibu na hapo waliinua gari kwa miti. Sasa Kipyego alikuwa hospitali ya Serikali, paja limefungwa mbao, na Wamalwa kila akifumba macho alisikia ile kuni.

Telegramu akakohoa. Alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya hotuba.

— Mimi kama mtu wa reli, nitasema wazi. Pale ghalani tunapokea jeki za kila aina. Sasa shida ya jeki, bwana Breki, si chuma. Ni mtu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika…

Akajing'ata ulimi. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka, na guu ambalo hakulitaja kila mtu alijua ni la nani.

— Malizia, Tryphosa akamwambia. Malizia tu, ndiyo nikupige na hiki kijiko.

— Sikuwa na maana hiyo, mama.

— Basi meza maneno yako na kahawa.

Bama akavuta koti lake la askari, akageukia Wamalwa.

— Wewe nunua jeki ya meno. Ile ndefu, inapanda jino moja moja, ka-ka-ka-ka, kama bunduki. Kule Bama tuliinua lori limejaa risasi, na matope yalikuwa yamefika hapa. Akajigusa kifuani.

— Matope yakufike kifuani, hiyo jeki mliiweka wapi? Telegramu akauliza.

— Tuliiweka juu ya ndovu.

— Ndovu?

— Ndovu alilala, tukaweka jeki juu yake. Ndovu wa kule wanafundishwa. Halafu ndovu mwenyewe akasimama. Lori likapanda mara mbili.

Tryphosa alicheka mpaka akaweka birika chini. Wamalwa alijaribu kutabasamu lakini mdomo ulikataa.

— Ndovu sina, akasema.

— Ndiyo maana nakwambia meno! Mwenda pole hajikwai, kwa hivyo lazima uinue haraka, gari lisipate nafasi ya kuanguka.

— Hapana, hapana, Telegramu akadakia. Dunia imeendelea. Siku hizi iko jeki ya oili, ndogo kama chupa. Unapampu kwa mkono mmoja na mwingine umeshika sigara. Lakini lazima uangalie jambo moja, na hili hawakwambii dukani. Ile oili imewekwa kule Ulaya, karibu na bahari, mahali pa chini. Huku kwetu tuko juu, hewa ni nyembamba. Oili ikifika huku inachanganyikiwa. Inasahau kazi.

— Inasahau?

— Mbona wewe ukipanda Ainabkoi kwa baiskeli unasahau hata jina lako? Oili pia iko hivyo. Kwa hivyo unainunua, unaipeleka nyumbani, inalala siku mbili tatu izoee hewa.

— Nasafiri kesho asubuhi, bwana karani.

— Basi hiyo sasa ndiyo shida yako.

Bama alipiga goti.

— Maneno mingi ya nini? Jeki inajua mtu. Ukiwa na woga, inajua. Ni kama farasi wa Kaburu. Na nyingine nikwambie, Breki, hiyo ya zamani iko wapi?

— Bado iko nyuma ya kiti.

— Itoe! Hiyo imeonja damu. Izike mbali na nyumba, na usiizike ikiangalia barabara.

Wamalwa aliona jasho likimtoka shingoni, na hali kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili. Hakuamini mambo ya kuonja damu. Alikuwa mzee wa kanisa. Hata hivyo ilikuwa ni wiki nzima hajathubutu kuigusa jeki ile kwa mkono mtupu.

— Lakini kwa nini usiandike taniboi mwingine, aingie yeye? Telegramu akauliza, safari hii kwa sauti ya chini. Pale stesheni vijana wamejaa wanatafuta kazi. Mtaka cha mvunguni huinama. Wewe ni mtu mkubwa, tafuta mfupi.

— Siwezi.

— Kwa nini?

— Nyumba anayokaa Kipyego na mke wake ni ya shamba. Bwana ameniambia, taniboi mpya akiandikwa, ataingia nyumba hiyo. Anasema nyumba ni ya kazi, si ya mtu. Nikimwambia nahitaji mwingine, kesho yake Jeruto na watoto wako nje na sufuria zao. Nimemwambia bwana naweza peke yangu mpaka Kipyego apone.

— Na unaweza?

Wamalwa alimwaga ile kahawa baridi chini taratibu, akamrudishia Tryphosa kikombe.

Jetha alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Alikuwa mtu mwembamba mwenye penseli sikioni, na alipenda amani, maana ugomvi uliwafukuza wateja. Akatoka na jeki tatu, moja moja, akazipanga mbele ya benchi kama kuku wa kuuza.

— Hapana gombana. Gari iko hapa, mzigo iko hapa. Jaribu yote. Ile nzuri chukua. Lakini vunja moja, hiyo mimi andikia bwana yako.

Bama aliruka kwanza. Alichukua jeki ya meno, akaisimamisha nyuma ya pikap, akaisukumia chini ya bampa. Hakutaka kusaidiwa. Ka, ka, ka, ikapanda. Nguzo zikalia, springi zikapinda tena, na tairi la kushoto likaanza kuachana na tope.

— Mnaona? Mnaona jeshi?

— Bama, shikilia hiyo mpini, Wamalwa akasema.

— Nimeshi…

Jino moja liliteleza. Mpini ulirudi juu kwa nguvu, ukamtoka Bama mikononi, ukapita juu ya kofia yake ukizunguka kama rungu, ukaliangukia birika la Tryphosa. Pikap ikarudi chini kwa kishindo mpaka nguzo mbili zikadondoka. Watu wote walikuwa wamekimbia. Telegramu alipatikana ndani ya duka, nyuma ya magunia ya misumari. Birika lililala ubavu, na kahawa ikatiririka ikaungana na maji ya mtaro.

Hakuna aliyeumia. Wamalwa alisimama akishika ukuta. Alitazama mahali ambapo mguu wa mtu ungekuwa.

— Kahawa imekwisha leo, Tryphosa akasema. Akaokota birika, akalitazama lilivyobonyea, wala hakumtukana mtu. Hilo liliwatia woga zaidi.

Ikafuata jeki ya oili. Telegramu alitoka nyuma ya misumari, akaipampu mwenyewe kwa vidole viwili ili watu waone. Pikap ilipanda kwa upole, kimya, kama mkate unaoumuka. Jetha akaanza kuisifu. Alisema jeki hii hata memsahibu anaweza kutumia akiwa na glavu nyeupe. Telegramu akaongeza kwamba bila shaka hii imekwisha kuzoea hewa. Bama alikubali kwa shingo upande. Wamalwa akapiga magoti, akatazama chini ya ekseli, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pumzi yake ikashuka.

— Hii ni nzuri, akasema.

— Mbona inarudi? Tryphosa akauliza.

Walitazama. Hapakuwa na sauti yoyote. Tairi lililokuwa limeachana na tope upana wa kiganja, sasa liliachana nalo upana wa vidole. Wakaendelea kutazama mpaka tairi likagusa tope tena, taratibu, kama mtu anayeketi kitandani bila kumwamsha mwenziwe. Ile ya meno angalau ilipiga kelele. Hii ingemlalia mtu kifuani huku yeye akiwa anafikiri mambo ya chakula cha jioni.

— Labda wosha ndani kidogo, Jetha akasema, akaificha nyuma yake.

Ikabaki ya skurubu, nzito na nyeusi, ya kuzungushwa kwa fimbo ya chuma. Hakuna aliyekuwa ameitetea. Wamalwa aliiweka mwenyewe. Alizungusha, akazungusha, mpaka mikono ikamuuma, na gari likapanda unywele kwa unywele. Haikuteleza, haikurudi. Ila ilikuwa yenyewe ikizama. Mzigo ulipokuwa unaikalia, kitako chake kilididimia kwenye tope, kikaanza kuinama upande mmoja.

— Basi, Bama akasema. Zote tatu ni uongo.

Wamalwa aliirudisha chini. Akasimama katikati ya barabara mikono ikining'inia, akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi. Halafu macho yake yakatua kwenye benchi.

— Mama Tryphosa, huo ubao ni wa nani?

— Wangu. Aliukata marehemu.

— Niazime.

Wazee wa kijiwe wakatazamana. Tryphosa alitazama birika lake, akatazama mahali kahawa ilipomwagikia.

— Chukua, akasema. Leo wataukalia kwa nini, na kahawa hakuna?

Waliuingiza ubao chini ya ekseli, wakaiweka jeki ya skurubu juu yake. Ikapanda. Ubao ulilia kidogo, ukatulia. Wamalwa alisukuma gari kwa bega, akalitikisa. Likakaa. Akalitikisa tena. Bama akalitikisa. Telegramu akalitikisa kwa kidole. Jetha akatoa penseli sikioni kuandika.

Wakati huo Jeruto, mke wa Kipyego, alitokea upande wa hospitali amebeba kikapu chenye nguo chafu za mumewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, na tope lilikuwa limemfika magotini.

— Karibu, Telegramu akasema. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mwenyeji bado hajapona, Jeruto akajibu. Nimetoka kumwosha sasa hivi.

Akatazama pikap iliyoinuliwa, akatazama watu waliosimama bila benchi.

— Shemeji, hiyo ndiyo jeki mpya?

— Ndiyo, Wamalwa akasema. Nafikiri itashika.

— Na kesho ukiwa chini, nani atakuwa nje akiangalia isilale?

Hilo halikuwa swali gumu. Wamalwa akamtazama Bama. Bama akasema mgongo wake, tangu vita, haupendi matuta. Telegramu akakumbuka kwamba kesho lilikuwa linakuja gari la mizigo kutoka Uganda na mtu wa kulipokea ni yeye tu. Jetha alikuwa ameingia ndani. Mabati yakaanza kulia kwa mvua.

— Basi nitakuja mimi, Jeruto akasema.

— Wewe? Hapana, shemeji. Watoto…

— Watoto wako kwa mama. Wewe umelinda nyumba yangu wiki nzima, unafikiri sijui? Bwana mwenyewe aliniambia mlangoni kwangu. Kama mtu akifa kesho kwa sababu ya hiyo nyumba, nitalalaje ndani yake?

Wamalwa alipinga mpaka akaishiwa maneno. Usiku ule alilala kidogo. Alfajiri alipofika kuwasha gari, alimkuta Jeruto amekwisha kaa ndani, buti za mumewe miguuni, amezijaza matambara zisimvuke.

Waliondoka katika ukungu. Ubao wa Tryphosa ulikuwa nyuma, juu ya nguzo. Wamalwa aliendesha akisikiliza tairi kuliko barabara. Kila jiwe alilikwepa, kila shimo aliliingia kwa heshima. Walipita Ainabkoi penyewe, dukani watu wakiwa bado wamejifunika mablanketi, wakaingia njia ya shamba inayopita kwenye msitu wa mitarakwa. Hapo akaanza kuamini kwamba watafika. Ndipo tairi la kushoto likapasuka.

Alilizuia gari, akazima injini. Mvua ilikuwa nyepesi. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani na haikutaka kutoka. Jeruto alishuka kwanza, akatafuta mawe, akayaweka mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Kisha akarudi dirishani.

— Shemeji, twende.

Wakashusha ubao. Wamalwa akalala chali kwenye tope, akajisogeza chini ya pikap. Huko chini kulinuka grisi na majani mabichi. Aliweka ubao, akaweka jeki, na vidole vilikuwa vinatetemeka mpaka kichwa cha jeki kikawa kinagonga ekseli, ti-ti-ti, kama meno ya mtu mwenye homa. Alizungusha hapo hapo mpaka ikashika. Akanyoosha mkono kuifuta ekseli tope, ili aone imekaa katikati.

— Toka! Jeruto akapiga kelele. Shemeji, toka!

Hakuuliza. Alijiviringisha kama gogo, akapita kati ya magurudumu, akaangukia mtaroni. Nyuma yake ubao uliteleza juu ya tope, jeki ikalala, na pikap ikaketi mahali kilipokuwa kifua chake. Haikushuka sana. Ilitosha.

Walibaki hapo. Wamalwa alikuwa amelala mtaroni, maji yanampita masikioni, na anaona matawi tu. Jeruto alisimama amejishika mdomo.

— Niliona ubao ukienda, akasema baadaye. Kidogo tu. Kama nyoka.

— Mimi sikuona kitu.

— Ungeonaje?

Akakaa, akataka kusema warudi. Lakini kurudi pia kulihitaji tairi. Jeruto akachukua panga lililokuwa nyuma ya kiti, akaanza kukwangua tope mpaka akapata ardhi ngumu nyekundu. Wakatandaza mawe madogo, wakalaza ubao, Wamalwa akaukanyaga na kuurukia. Kisha akaingia tena. Hilo la kuingia tena ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alilala pale ukingoni, akasali kwa Kibukusu, akasema na Mungu mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Jeruto alichuchumaa, shavu karibu na ardhi, macho kwenye ubao, akawa anasema neno moja: imekaa, imekaa, imekaa. Kila aliposema, Wamalwa alisogeza mkono. Ekseli ikafika juu. Akatoka. Wakazungusha spana kwa zamu, wakafungua nati, wakabadilisha tairi. Gari liliposhuka tena juu ya miguu yake minne, Jeruto alikaa kwenye ubao akalia, na Wamalwa aligeuka akajifanya anafunga waya.

Shambani, bwana alihesabu nguzo zake, akatazama tairi lililobadilishwa, akatazama buti za Jeruto na tope lililomfika kwenye kitambaa cha kichwa, asimtambue.

— Nani huyo?

— Taniboi, bwana. Kwa sasa.

Bwana alifikiri kidogo, akitafuna kiko chake.

— Hutaki mtu mwingine?

— Hapana, bwana. Mpaka Kipyego arudi.

— Basi hiyo ni shauri yako, akasema, akaenda zake. Nyumba ikabaki ya Kipyego.

Walirudi Sisibo alasiri. Kijiweni walirudisha ubao, umeumwa na jeki katikati, na Bama na Telegramu wakaanza papo hapo kubishana ni nani aliyeshauri skurubu. Wamalwa na Jeruto hawakuwasubiri wamalize. Walikwenda hospitali na tope lao.

Kipyego alikuwa ameegemezwa kwenye mto, uso umekonda. Jeruto alikaa kitandani, akamweleza kwa lugha yao, mikono yake ikionyesha ubao ukiteleza, mtu akijiviringisha, gari likiketi. Wamalwa alisimama kando, kofia mkononi, asijue atazame wapi. Mara Kipyego akaanza kucheka, akashika paja kwa maumivu, akacheka tena.

— Anasema ulitetemeka mpaka jeki ikagonga gari.

— Ni kweli, Wamalwa akasema. Nilitetemeka sana. Hata sasa.

Kipyego aliacha kucheka.

— Endelea hivyo hivyo, rafiki yangu, akasema. Mimi siku ile nilikuwa napiga mluzi.